Chumba cha wakfu kwa asiye na makazi: kinafaa, lakini gharama yake ihesabiwe upya

Kwa mtu anayelala barazani Mji Mkongwe mwaka hadi mwaka, chumba katika nyumba ya wakfu ndiyo huduma tunayoiweka mbele ya nyingine zote hapa Unguja. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, hivyo fedha ya umma hainunui kiwanja wala jengo. Mpangaji naye anabaki karibu na hospitali ya Mnazi Mmoja akiugua, na karibu na soko la Darajani akitafuta kibarua. Chumba rahisi cha nje ya mji humpotezea vyote viwili, na nauli ya daladala inamalizia kilichobaki.

Jambo la kwanza ni hati. Wakfu uliowekwa kwa kizazi cha mtu fulani haugawiwi wengine, na sharti la aliyeuweka ndilo linalofuatwa. Unaotafutwa ni wakfu wa kheri, yaani uliowekwa kwa ajili ya wahitaji, kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hatua hii isirukwe kwa kuwa mafundi wamekwisha kupatikana.

Makadirio ndiyo yanayoharibika zaidi. Mkadiriaji huandika lipu, rangi na mlango, kisha akafunga daftari. Kipimo kinachosaidia ni gharama ya chumba kimoja kwa mwaka, yenye mafungu matatu: kodi, matengenezo, na mhudumu wa kumfuata mpangaji.

Tuanze na matengenezo, maana ndiko fedha inakopotelea. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji na kuyatoa taratibu. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma lipu ibanduke, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza pasipo mtu kuona. Kwa hiyo chumba kinachoonekana kizuri kwa saruji mpya kikaguliwe zaidi kuliko kile chenye lipu ya chokaa iliyochakaa. Gonga boriti karibu na ukuta: ikilia kama tupu, imeoza.

Chukua chumba cha mita 5 kwa 3, kimo mita 3.5. Kuta zake ni mita za mraba 56. Ukitoa milango na madirisha zinabaki kama 50. Lipu ya unene wa sentimita 2.5 inahitaji mchanga wa mita za ujazo 1.25, na chokaa ya kuloweka theluthi ya hiyo, yaani kama 0.4, bila kuhesabu inayomwagika. Dari, boriti zikipangwa kila sentimita 30, linakula boriti 17 hivi. Ndiyo maana vyumba hivi ni vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti za mkoko. Chokaa ilowekwe wiki kadhaa kabla. Kazi ifanywe masika yakishapita na kabla ya vuli, lipu ifunikwe magunia yenye maji isikaushwe na jua. Kabla ya yote hayo zibeni paa na mabomba ya vyoo vya juu, kwani lipu mpya chini ya bomba linalovuja ni fedha iliyotupwa.

Fungu la mhudumu ndilo hukatwa kwanza, na hilo linatuuma. Mtu aliyeishi nje miaka mingi mara nyingi ana maradhi ya akili, ulevi au kidonda kisichopona. Mhudumu mmoja kwa watu 20 ni kiwango cha kuanzia. Kwa wagonjwa sana, mmoja kwa 10. Kazi yake ya mwanzo ni barua ya sheha, kiongozi wa shehia (mtaa): asiye na shehia hukwama kupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na bila hicho haki nyingine zinachelewa, ikiwemo Pensheni Jamii ya waliofika miaka 70, iliyoanza 2016. Hesabuni miezi kadhaa ya kufuatilia, siyo siku.

Wanaotetea huduma kama hii hupenda kusema itajilipa yenyewe. Hoja hiyo inatoka Marekani. Utafiti uliotolewa 2002 kuhusu New York ulifuatilia watu 4,679 wenye maradhi makubwa ya akili waliopewa nyumba na huduma: kila nyumba iligharimu kama dola 17,277 kwa mwaka, na matumizi ya hospitali, mabweni ya wasio na makazi na magereza yakapungua kama dola 16,281. Karibu yote yakarudi. Hapa kwetu mzigo wa anayelala nje hubebwa zaidi na jirani, msikiti na jamaa, wala hauonekani katika vitabu vya serikali. Mradi ukiahidi kuokoa fedha za umma kwa kiasi kile, mwaka wa pili utaonekana umeshindwa na vyumba vitachukuliwa. Ombeni fedha kwa kuwa mtu anahitaji mlango wa kufunga usiku.

Kasoro tusiyoweza kuiondoa ni ngazi. Ni za mwinuko mkali, nyingi hazina pa kushika. Mzee au mwenye mguu mbovu apewe chumba cha chini, na kwa sababu vya chini ndivyo vyenye unyevu zaidi, bajeti ya lipu ya vyumba hivyo iwekwe juu kuliko ya ghorofani.