Kilimo hai au cha kawaida: pa kuongeza pesa na pa kuibana

Ukilipa zaidi kununua chakula cha kilimo hai (kinachokuzwa bila mbolea na viuatilifu vingi vya viwandani) kwa ajili ya vitamini, umepunjwa. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012 haukuona tofauti ya maana ya virutubisho. Unacholipia hasa ni mabaki machache ya viuatilifu, na kwa nyama, bakteria wachache waliozoea dawa. Tumepanga vyakula kuanzia pale nyongeza ya bei inapofanya kazi.

Kwanza: vinavyoliwa na ganda lake. Stroberi, spinachi, zabibu, matufaha. Dawa hupulizwa juu ya kile kile utakachotafuna, na nyingine hupenya ndani. Bei ikikushinda, nunua ya kawaida uyaloweke: gramu 10 za bekingi soda (kama vijiko viwili vya chai) kwa lita moja ya maji, dakika 12 hadi 15, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Katika jaribio la matufaha lililofanywa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2017, maji hayo yalishinda maji matupu. Lakini takriban asilimia 20 ya thiabendazoli, dawa ya ukungu, ilikuwa imeshapenya ganda. Hiyo haioshwi, inamenywa, na nyuzinyuzi za ganda zinakwenda nayo. Sabuni usiiguse, maana tunda huinyonya.

Pili: kuku na nguruwe. Uchambuzi ule wa Stanford ulikuta bakteria sugu kwa antibiotiki tatu au zaidi wakijitokeza mara nyingi zaidi kwenye nyama ya kawaida. Salmonela, bakteria wa kuharisha, hata hivyo, haisomi lebo. Kuku yeyote apikwe hadi nyuzi joto 74, kipimajoto kikichomekwa penye mnofu mnene wa paja bila kugusa mfupa. Usimwoshe akiwa mbichi: matone huruka hadi kwenye kachumbari.

Tatu: maziwa. Ya kilimo hai huwa na omega-3 (aina ya mafuta yenye faida) zaidi, kwa sababu ng'ombe hula majani mengi. Ila maziwa yenyewe yana omega-3 kidogo tangu mwanzo. Ukiitaka hiyo, nunua samaki wenye mafuta.

Mwisho: parachichi, nanasi, vitunguu. Ganda unalitupa, basi chukua ya kawaida. Mchele nao hauponi kwa lebo, kwani aseniki, ambayo ni sumu, hutoka kwenye udongo na maji. Uchemshe kwa vikombe sita vya maji kwa kimoja cha mchele, umwage maji. Biskuti za kilimo hai ni biskuti tu. Sukari ni ile ile.

Kusoma lebo

“Asili” si cheti. Nchini Marekani, bidhaa inayojiita ya kilimo hai lazima iwe na angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo hai, bila kuhesabu maji na chumvi. Ile iliyoandikwa “imetengenezwa kwa viambato vya kilimo hai” inaruhusiwa kuishia asilimia 70. Tafuta jina la aliyetoa ithibati. Halikuonekana? Lipa bei ya kawaida.

Wala kilimo hai si “bila dawa”: mrututu (dawa ya ukungu) na pareto (dawa ya wadudu) hutumika. Si kinga ya vijidudu pia. Mlipuko wa bakteria wa E. koli nchini Ujerumani mwaka 2011, uliofuatiliwa hadi kwenye mbegu za uwatu zilizochipuzwa katika shamba la kilimo hai, uliua watu zaidi ya 50. Machipukizi yapike mpaka yawe moto kabisa, hata kama pakiti ina mihuri mitatu.