Seti ya vipuri vya kabureta kwa CG125 ya zamani: mipira safi, jeti hapana

Naanza na jibu maana wengi tukisoma mistari miwili tunaondoka: hizi seti za bei rahisi za kukarabati kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) chukua kwa ajili ya mipira, yaani gasketi na oringi za kuzuia kuvuja, ila vitu vyake vya shaba, yaani jeti zenye tundu dogo la kupimia petroli, usiviamini.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 aliyotuachia mzee, hii modeli ilianza kutoka 1976 na injini yake ni ile ya fimbo za kusukuma valvu, haina makuu, ila ilikaa miaka bila kuwashwa na petroli ikakaukia ndani. Naifufua na binti yangu yuko darasa la sita, na nilichagua tuanze na kabureta kwa sababu yake yeye, kabureta unaiweka mezani unafungua skrubu chache basi mtoto anaona kila kitu kinavyofanya kazi. Nilipomwonyesha floti inavyopanda na mafuta halafu sindano inaziba njia akaniambia baba hii si ndo ile ya tangi la choo? Ndo hiyohiyo mwanangu, sikuwa na la kuongeza.

Ndani ya seti kuna gasketi ya bakuli, oringi, sindano ya floti, jeti kubwa na ndogo, na skrubu ya hewa. Maelekezo hamna hata kikaratasi. Kwahiyo kabla hujatoa skrubu ya hewa ya zamani izungushe kuibana taratibu mpaka igote huku unahesabu mizunguko, binti akaandika kwenye daftari, bila hivyo utakuja kubahatisha.

Gasketi na oringi zimekaa vizuri mno, kuvuja kumeisha kabisa. Tatizo ni jeti. Tukafunga mpya, ikawaka kweli, lakini moshi mweusi na plagi ikatoka na masizi yaani mafuta yanazidi hewa. Binti akashika jeti ya zamani na mpya akaziangalia kwenye mwanga, namba iliyogongwa ni ileile ila tundu la mpya kubwa, unaona kwa macho! Tukarudisha za zamani baada ya kuziloweka kwenye dawa ya kabureta na kuzipuliza hewa, sasa hivi plagi ina rangi ya kahawia inavyotakiwa. Usichokoe tundu na waya wa chuma jamani, shaba ni laini utalipanua.

Hiyo dawa ni kali, mtoto avae miwani na glavu na mfanyie nje, mipira usiiloweke humo itavimba. Na injini msiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wa egzosi una gesi ya kaboni monoksidi, inaua na yenyewe haina harufu.

Tulipima na nafasi ya valvu pia (ule upenyo mdogo unaoachwa juu ya valvu), 0.08 mm injini ikiwa ya baridi, vidole vyake vyembamba vinafika pale vyangu vinapogoma.

Nyota tatu kati ya tano. Kama kabureta yako inavuja tu nunua seti hii, kama jeti zako zimeshaharibika tafuta jeti halisi za mtengenezaji hata kama zinachelewa kufika. Breki nimefanya mwenyewe, hapo binti kashika tochi tu na kanuna.