Siku tano bila gari: mfereji wa Nantes hadi Brest kwa baiskeli ya kukodi

Nianze na maksi, maana najua wengi mnasoma hapo tu. Njia: tano kwa tano. Baiskeli: nne. Duka lililonikodisha: mbili, na ya pili nimewapa kwa sababu kijana wa kaunta alikuwa na adabu.

Naishi Nantes, magharibi ya Ufaransa, mwaka wa sita sasa. Kwetu ni Shinyanga, mji ambao baiskeli ya abiria inaitwa daladala na hakuna anayeshangaa, kwa hiyo kunyonga baiskeli hakunipi shida. Shida yangu Ulaya ni magari. Barabarani macho yanatazama mbele lakini masikio yote yako nyuma, na kila lori likikaribia unabana mabega kama anayesubiri kofi. Mke wangu ndiye aliyesema tujaribu njia ya mfereji, wikiendi ndefu ya sikukuu ya Kupaa, mwezi Mei. Watoto wakabaki kwa shangazi yao.

Mfereji wenyewe una urefu wa kilomita 364, kutoka Nantes hadi Brest, ukipita katikati ya mkoa wa Bretagne. Napoleon aliutaka ili mizigo ya bandari zake ipite ndani ya nchi, kwa sababu huko baharini Waingereza walikuwa wamemkalia. Alikufa kabla haujaisha. Aliyeuzindua ni Napoleon III, mtoto wa mdogo wake, mwaka 1858. Baadaye reli ikala biashara, halafu bwawa la umeme la Guerlédan likaukata mfereji vipande viwili. Sisi wa baiskeli tumerithi ule ukingo ambao farasi walipita wakivuta mashua kwa kamba: mchanga na kokoto laini zilizoshindiliwa, mwinuko kidogo sana, na gari haliruhusiwi isipokuwa la wahudumu wa mfereji. Kwa siku tano nililiona moja, nalo lilikuwa limebeba mashine ya kukatia nyasi.

Sasa baiskeli. Ni ile aina wanayoiita graveli: usukani umejikunja kama pembe za beberu, tairi za milimita 40, breki za diski, gia moja mbele na 11 nyuma. Nililipa euro 190 kwa siku tano. Haina karia. Hilo muulize mapema, mimi sikuuliza. Walinipa kimfuko cha kufunga chini ya siti, kinaingia koti la mvua na soksi, basi. Mizigo mingine yote ikaishia kwenye karia ya mke wangu, ambaye alikuja na baiskeli yake ya mjini, chuma kitupu, mtumba wa euro 80.

Tulipanda treni ndogo ya Nantes hadi Nort-sur-Erdre ili kukwepa kutoka mjini, tukaingia njiani hapo, tukaelekea Blain. Na niseme ukweli hata kama wenye maduka watanuna: kwa njia ya mfereji peke yake, huhitaji graveli. Mke wangu na chuma chake na mizigo ya watu wawili aliniacha nyuma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mimi nilikuwa nadunda. Baadaye ndiyo nikagundua kwamba duka walijaza upepo wa bar 4 kana kwamba nakwenda kwenye lami. Nilipopunguza hadi 2.5 hivi, mikono ikaacha kufa ganzi na tairi zikaanza kushika njia. Mwenye uzito kama wangu, kilo 75, aanzie hapo.

Pesa yangu ilirudi Alhamisi asubuhi, msituni. Kaskazini ya Blain kuna msitu wa serikali wa Gâvre, takriban hekta 4,500, mialoni na misonobari, umepasuliwa na njia ndefu zilizonyooka zinazokutana katikati kama spoki kwenye kitovu cha ringi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tukaacha njia kuu tukaingia zile za wakata magogo: tope jeusi, mizizi, matuta ya majani yaliyooza. Hapo graveli ikaamka. Inapita kwenye tope bila kuteleza, unaweza kusimama juu ya pedali ukaiachia ichague njia, na breki zinakamata hata zikilowa. Mke wangu, Mama Neema, alishuka akasukuma karibu kilomita mbili. Hakusema neno. Kimya cha mle ndani ni cha aina yake, unasikia mnyororo wako, kigogota anagonga mahali, halafu hakuna. Nilisimama katikati ya makutano ya njia nikanywa chai ya chupa bila kutazama upande wowote. Jaribu kufanya hivyo kwenye makutano mengine yoyote Ufaransa.

(Wanaofikiria kwenda wakati wa vuli: kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Someni vibao mlangoni mwa msitu na mvae nguo ya rangi inayopiga kelele.)

Mchana huohuo, tukiwa tumerudi kwenye mfereji tunaelekea Redon, wakata nyasi walikuwa wamefyeka ua wa miiba na kuacha vipande njiani. Pancha, tairi la nyuma. Tairi hizi hazina tyubu. Ndani wanatia dawa nyeupe kama tui, mwiba ukitoboa dawa inakimbilia kwenye tundu na kuganda. Nikazungusha gurudumu, nikasubiri. Upepo ukaendelea kutoka taratibu, bila haya. Nikafungua tairi: ndani pakavu, vipande vya dawa vimeganda kama ukoko wa sufuria. Dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache na mwenye baiskeli anatakiwa kuongeza. Hawakuongeza. Wala hawakunipa tyubu ya akiba. Nikapiga simu ya dharura iliyoandikwa kwenye mkataba, ikajibu mashine: leo ni sikukuu.

Nilimkumbuka fundi wa chini ya mwembe kule nyumbani, na lile beseni lake la maji machafu na viraka vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Yule asingenipa baiskeli bila kubonyeza tairi.

"Baba Neema," mke wangu akasema, bado amekaa kwenye nyasi anamenya yai, "gurudumu lako si saizi moja na langu?"

Ni saizi moja. Yeye alikuwa na tyubu mbili kwenye begi, pampu, na gundi. Kwa dakika ishirini nilichomoa valvu, nikapapasa ndani ya tairi mpaka nikapata mwiba, nikaweka tyubu ya mtumba kwenye baiskeli ya kukodi, na tyubu hiyo ilinifikisha mwisho wa safari. Niliporudisha, duka wakataka kunikata euro 15 za "uharibifu wa tairi". Nikawaonyesha ule ukoko kwenye picha. Wakaacha.

Jambo lingine ambalo hawakuambii ni maji. Vijiji vya huku vinafunga: sikukuu vimefunga, mchana vimefunga, Jumatatu duka la mikate nalo limefunga. Waendesha baiskeli wa Ufaransa huchota maji makaburini, kwa sababu karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Mama Neema aligoma. "Mimi maji ya marehemu sinywi." Ikabidi nimweleze kwamba ni bomba lilelile la kijiji, cha kuangalia ni kama kuna kibao cha "eau non potable", maana hayo hayanyweki. Kiu ikamshinda baada ya Malestroit. Lakini alipiga hodi getini kwanza.

Josselin msipite mbio: minara mitatu ya ngome ya ukoo wa Rohan inachomoza kutoka kwenye mwamba moja kwa moja juu ya mto Oust, na njia yako inapita ng'ambo, usawa wa maji. Kati ya mji wa Rohan na Pontivy ndipo mfereji unapopanda kilima na kushuka upande wa pili. Kuna malango ya maji zaidi ya 50 kwenye kipande hicho, ngazi baada ya ngazi. Mashua inaingia kwenye chumba cha mawe, lango linafungwa, maji yanajazwa, inanyanyuliwa hadi ngazi inayofuata. Kwa baiskeli, upande wa kupanda, ni kimwinuko cha mita chache kila lango, unapumzika, kingine. Kwenye malango mengi kuna nyumba ndogo ya mlinzi, nyingine zina maua mengi mpaka unajiuliza kama kuna mashindano. Juu ya ukuta wa lango moja tulikuta mnyama kama panya buku aliyevimba, anajikausha jua. Ni ragondin, asili yake Amerika Kusini, na hakusogea hata tulipompita kwa hatua mbili.

Pontivy haina treni ya abiria, kwa hiyo usimalizie hapo. Sisi tulifuata mto Blavet kuteremka hadi Hennebont, kama kilomita 60, na hii kwangu ndiyo siku bora kuliko zote: bonde limebana, miti imefunika njia pande zote mbili, na mahali pamoja kuna kanisa dogo la Mtakatifu Gildas limeegemezwa chini ya jabali kana kwamba jabali ndilo paa. Nilikuwa siongei tena wala sikutazama nyuma. Masikio yalikuwa yamerudi mahali pake.

Hennebont njia inakutoa mtoni na kukuingiza mjini, na kufika stesheni lazima uvuke barabara. Nikaingia kwenye mzunguko wa kwanza nikipiga mluzi, katikati ya njia, kama niko Gâvre.

"Baba Neema! Gari!"