Unga wa agari ya setrimidi: hodari kwa usaha wa wodini, mkali mno kwa maji ya Tudor

Unga huu hutengeneza agari, yaani uji unaoganda wa kuoteshea bakteria, ya kumtafuta Pseudomonas aeruginosa, awe kwenye usaha wa hospitalini au kwenye maji ya bahari ya Tudor, Mombasa. Chupa ni ya gramu 500. Kwa kipimo cha gramu 45.3 kwa lita unapata lita 11, yaani sahani 550 hivi za mililita 20. Gliserini haimo ndani. Nunua iliyo safi, mililita 10 kwa kila lita. Ile ya kupaka mwilini yenye manukato haifai.

Setrimidi, kemikali inayozuia bakteria wengine, ina tabia ya sabuni, kwa hiyo uji wake hutoa povu jingi. Jaza chupa ya kuchemshia nusu tu, izungushe taratibu, usiitikise. Povu likiingia kwenye sahani huacha vishimo, na koloni hujificha humo. Pitisha mwali wa moto haraka juu ya povu hilo kabla agari haijaganda.

Ili kuua vijidudu, lebo inataka nyuzi 121 kwa dakika 15, na hapa ndipo maabara nyingi za Nairobi hukosea. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Otoklevu (sufuria ya mvuke wa shinikizo) ya jikoni ikisoma paundi 15 za shinikizo, ndani ni kama nyuzi 118 tu. Ipandishe hadi karibu paundi 18, au amini kipimajoto kuliko geji. Mombasa paundi 15 zinatosha, ndiyo maana maelekezo ya mwenzako wa pwani yatakupotosha.

Kwa Pseudomonas aeruginosa wa hospitalini, tungeinunua tena bila kusita. Baada ya saa 24 kwenye nyuzi 35 hadi 37, koloni za kijani-buluu hutokea, na E. coli huzuiwa. Ila rangi si ushahidi kamili: P. fluorescens naye hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Fanya kipimo cha oksidesi (kimeng'enya cha bakteria), kisha mwoteshe upya kwenye nyuzi 42; fluorescens hushindwa hapo.

Pseudomonas wa baharini ni habari nyingine. Bakteria aliyeishi kwenye chumvi ya gramu 35 kwa lita, na chakula haba, hufika akiwa amedhoofika. Ukimpaka moja kwa moja juu ya setrimidi anaweza kufa, nawe utaandika "hayupo" wakati alikuwepo. Mlaze kwanza usiku mmoja kwenye mchuzi wa lishe usio na kemikali ya kuzuia bakteria, ndipo umpeleke kwenye agari hii. (Njia hiyo inajibu yupo au hayupo, hesabu haitoi.) Sampuli zisafiri kwenye kasha la barafu, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda, na zianze kufanyiwa kazi ndani ya saa 24.

Kulinganisha usugu wa dawa kati ya bakteria wa hospitalini na wa baharini kusifanywe juu ya setrimidi hata kidogo. Tumia Mueller-Hinton, agari ya kupimia dawa, ya kina cha milimita 4, bechi moja kwa aina zote mbili. Ukimpima wa baharini kwenye agari iliyotengenezwa kwa maji ya bahari, kalsiamu na magnesiamu hupunguza duara tupu ambamo dawa ya gentamaisini au amikasini imezuia bakteria, nawe utatangaza usugu ulioutengeneza mwenyewe.

Unapopima unga vaa barakoa, kwani vumbi lake huwasha pua na koo, kisha kaza kifuniko. Unga hufyonza unyevu na kushika mabonge. Ukinunua Industrial Area, Nairobi, soma tarehe kwenye chupa yenyewe, si kwenye boksi. Kila bechi mpya ijaribiwe kwa bakteria wa rejea: P. aeruginosa ATCC 27853, ambaye lazima aote, na E. coli ATCC 25922, ambaye lazima azuiwe. Mmoja akienda kinyume, rudisha chupa dukani.