Bahasha nyekundu za Wachina nilizotolea pesa za Idi: nzuri, ila dhahabu inabanduka

Nilizinunua mwezi wa pili kwenye supamaketi moja ya Wachina hapa Kampala, pakiti ya bahasha kumi kwa elfu kumi na tano, nyekundu hasa, maandishi ya dhahabu na picha ya farasi manake mwaka wao mpya uliingia 17 Februari 2026 na huu ni mwaka wa farasi. Sikuwa nimepanga, nilienda kutafuta soya sosi tu. Lakini Ramadhani ilikuwa inaingia wiki hiyo hiyo na mimi kichwani nshaanza kupiga hesabu za Idi, watoto wa kwetu Bombo wanazidi mishahara yetu sote, nikasema wacha nijaribu.

Kwa asiyejua, Wachina mwaka mpya wakubwa wanawapa watoto pesa ndani ya bahasha hizi, wanaita hongbao, ni kama sisi na mkono wa Idi. Ila sisi tunatoa noti wazi wazi, huyu kashika elfu tano ya kijani, mwenzake ana elfu moja, hapo hapo vita, na yule mjomba aliyetoa elfu moja anajifanya kapigiwa simu anatoka nje.

Muuzaji ni mama wa Kichina, kila neno anakuita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda. Akaniuliza nitatia ngapi, nikamwonyesha vidole vinne, elfu nne nne, weee akashtuka kama nimemtukana. Kumbe nne kwao inatamkwa karibu sawa na neno la kifo, haitiwi kabisa. Akanyoosha kidole gumba na kile cha mwisho, mi nikajua ananiambia nimpigie simu, nikaanza kutafuta simu kwenye mkoba, kumbe ndo sita yao! Nane pia nzuri, hiyo ndo ya utajiri. Alafu noti ziwe mpya, unatoa kwa mikono miwili, na mtoto hafungui mbele yako. Akanifundisha pale pale kaunta na bahasha tupu huku watu nyuma yangu kwenye foleni wanaguna.

Siku ya Idi zilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilitia elfu sita sita, na ndugu wengine wakaniomba bahasha watie zao, kila mtu kwa uwezo wake, hakuna aliyejua nani katia ngapi. Watoto wakaambiwa zinafunguliwa nyumbani kwenu, wakabaki wanazichungulia kwenye mwanga wa dirisha. Yule mjomba mwaka huu hakupata simu yoyote, alikaa mpaka pilau ikaisha. Shangazi mmoja aliuliza kama hii sio dini ya Wachina, nikamwambia shangazi ni karatasi, akaomba mbili. Mdogo wangu ana miaka 34 hajaoa, aliposikia kwamba kwao walio kwenye ndoa ndo wanatoa na ambaye hajaoa anaweza kupokea tu, akapanga mstari na watoto. Nilimpa tupu.

Mume wangu anasema kwa nini nisitume tu mobile mani, hata Wachina wenyewe wanatumiana hongbao kwenye WeChat, ile app yao ya simu, tangu 2014. Sawa, lakini mtoto wa miaka mitano nimtumie kwenye simu ya nani, ya mamake? Hiyo pesa ataiona?

Sasa ubaya wake. Gundi hakuna, au ipo ya kusingizia, mfuniko unafunguka wenyewe, nilibandika kwa selotepu. Kulikuwa na pakiti fupi pia, za bei nafuu, hizo msinunue, noti yetu lazima uikunje mara mbili na noti mpya ikikunjwa ile raha yote inaisha. Na ile dhahabu inabanduka. Nilimsimulia binti yangu mdogo kwamba kwenye hadithi zao kuna jini lilikuwa linakuja usiku wa kuamkia mwaka mpya kugusa vichwa vya watoto waliolala, wazazi wakawa wanaweka hela kwenye karatasi nyekundu chini ya mto ili likimbie. Basi naye akalala na yake chini ya mto, asubuhi naamsha mtu shavu lote linang'aa, kwenye foronya kuna farasi nusu. Haikutoka kwa sabuni ya kawaida.

Kwa bei ile bado nasema zinafaa, ila chukua ndefu na ununue na selotepu. Mwakani mwaka wao unaingia 6 Februari na ni wa mbuzi, nyabo kaniahidi bahasha zitakuwa na mbuzi mkubwa mbele, nitachukua pakiti mbili niweke moja ya Idi ya kuchinja.