FR4 au RT/duroid 5880 kwa antena bapa?
Katika masafa ya gigahezi 2.4, kipande cha shaba kinachorusha mawimbi (ndicho antena bapa yenyewe), kikichongwa juu ya FR4, ubao wa kawaida wa saketi wa nyuzi za kioo na epoksi, huwa na urefu wa takriban milimita 29, ilhali juu ya RT/duroid 5880, ubao wa plastiki ya PTFE kwa ajili ya masafa ya juu, hufikia kama milimita 41. Udogo huo wa FR4 na bei yake nafuu huvutia; lakini kigezo cha upotevu cha FR4, karibu 0.02 dhidi ya 0.0009, humaanisha kwamba sehemu isiyo ndogo ya nishati hugeuka joto ubaoni kabla ya kurushwa hewani. Kwa antena moja ya nyumbani, hasara hiyo yavumilika. Ukipanga vipande 16 ili kukusanya mawimbi upande mmoja, njia ndefu za shaba za kuvilisha mawimbi kwenye FR4 huila faida yenyewe ya kuyakusanya, na hapo nisingebania pesa: ningechagua 5880, japo ni laini na hujipinda fundi asipokuwa mwangalifu.