Michezo ya pesa ya sebuleni: upi ununue

Jumapili moja kwetu Sinza shemeji yangu alifilisika kwenye Monopoly, mchezo wa ubao wa pesa bandia, saa kumi na nusu jioni. Mchezo uliisha saa tatu usiku. Hapo katikati alikunywa soda mbili, akaosha vyombo ambavyo hakuvichafua, akaaga bila kumtazama aliyemfilisi, ambaye ni mke wake. Tangu siku hiyo, nikiulizwa mchezo gani wa pesa unafaa, huuliza kwanza: aliyeshindwa atakaa wapi?

Kwa kipimo hicho naweka Acquire juu. Aliubuni Sid Sackson, ukatoka miaka ya 1960, na hakuna anayetolewa. Unaweka kigae ubaoni, kampuni za hoteli zinazaliwa, zinakua, kisha kubwa inameza ndogo. Kila zamu unanunua hisa zisizozidi 3. Kampuni inapomezwa, mwenye hisa nyingi kuliko wote anapata bonasi nono, wa pili nusu yake, wengine wanameza mate. Mwenzako ana hisa 5 za kampuni ndogo, wewe 4: nunua 2 huku ukijifanya unamsikiliza mtoto, na zamu ikirudi weka kigae kinachoiunganisha na kubwa. Umemkaba koo, na bado yumo mchezoni. Kampuni ikifika vigae 11 haimezwi tena, kwa hiyo kuna mbio. Halafu vigae vina namba na herufi tu, hivyo mama mkwe asiyejua Kiingereza anacheza bila mkalimani. Ubaya wake ni kuupata. Mie nilimsubiri ndugu aliyekuwa anarudi safari.

Wa pili ni Monopoly Deal. Ni kadi tu, watu 2 hadi 5, kama robo saa, na wa kwanza kukamilisha seti 3 za rangi tofauti ameshinda. Unaingia kwenye mkoba wa kwenda Kigamboni, na umeme ukikatika tochi ya simu inatosha. Imo kadi inayobeba seti nzima ya mwenzako. Atanuna, lakini mtagawa upya kabla hajafika jikoni.

Chinatown nauweka wa tatu, na kama nyumbani kwenu ni waongeaji, upandishe. Watu 3 hadi 5, raundi 6, na karibu kila kitu kinabadilishwa kwa mdomo: viwanja, maduka, noti. Aliyezoea kuvutana bei Kariakoo hahitaji somo. Mkimya, hata hivyo, ataliwa mzima mzima.

Sasa Monopoly wenyewe, wa nne, ingawa najua ndio utakaorudi nao kwa sababu ndio uliopo madukani. Kampuni ya Parker Brothers iliutoa mwaka 1935, lakini mbegu yake ni mchezo wa Lizzie Magie, aliyepata hataza mwaka 1904 akitaka kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyowanyonya wapangaji. Sisi tunaodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hatukuhitaji ubao kulijua hilo. Si lazima uchukue muda mrefu, ila wengi wetu tunaurefusha wenyewe: tunaweka pesa za faini katikati ya ubao, jambo ambalo kanuni hazina, na tunaruka mnada. Mtu akikataa kununua kiwanja alichokanyaga, kinanadiwa papo hapo kwa wote. Fuateni hilo na mtalala mapema.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji afungue boksi mhesabu pamoja, maana nakala za kubahatisha ni nyingi. Hati za mali ziwe 28, hoteli 12, nyumba 32. Usidharau nyumba: zikiisha benki, hakuna anayejenga nyumba mpaka mwingine arudishe zake, na wajanja hubaki na nyumba nne nne bila kupanda hoteli ili wawanyime wenzao. Boksi langu lilikuwa na 29. Tatu zilizopungua ni maharage ya njano, na mke wa shemeji anayajua yalipo.